Uingereza Isimuliwe na Shosho

Kuanzia mwezi wa tano hivi, ghorofa za Kileleshwa, Nairobi, hupungukiwa na akina shosho. Wa Othaya Road yuko Leeds, wa Gatundu Road ameelekea Reading, wa Mandera Road amevuka hadi Aberdeen kwenye upepo wa bahari. Binti amejifungua, au mtoto wa kiume amepata pacha, na kule kumlipa mtu wa kulea mtoto kunameza mshahara. Basi shosho anaitwa. Viza ya mgeni inamruhusu kukaa hadi miezi sita, naye hukaa yote. Akirudi, nusu ya jengo hupanda ngazi kumjulia hali, chai inachemka, na tangu hapo mpaka usiku watu wanashika mbavu.

Naamini masimulizi hayo ndiyo kitabu bora cha safari za Uingereza ambacho Afrika Mashariki inacho leo, ila hakuna aliyekiandika. Nataka kiandikwe. Kiandikwe kwa Kiswahili, kichapishwe, kiuzwe, na kichekeshe watu ndani ya matatu. Sisi wengine tukienda London tunarudi na picha tumesimama mbele ya Tower Bridge, na picha hizo zote zinafanana. Shosho harudi na picha. Anarudi na habari.

Jirani yangu wa ghorofa ya tatu ni mzaliwa wa Othaya, kule Nyeri. Amelima majani chai tangu ujana wake, ni mwanachama wa Woman's Guild, chama cha wanawake katika kanisa la Kipresbiteri la PCEA, na ana macho ya kuona. Bintiye ni muuguzi, mmoja wa Wakenya wengi wanaohudumu katika hospitali za Uingereza. Nchi hizi mbili zilitiliana saini mkataba wa kuwaajiri wauguzi wetu kule Julai 2021. Mjukuu alipozaliwa, shosho alifunga njahi, unga wa wimbi na leso mbili za kubebea mtoto, akapanda ndege kwa mara ya kwanza.

Mwulize alichokiona kwanza Uingereza. Atakwambia: taka.

Mjini Leeds kila nyumba ina mapipa ya rangi. Jeusi ni la taka za kawaida, la kijani ni la vitu vinavyotumika upya, la kahawia ni la majani ya bustani. Kila pipa lina siku yake, na siku hizo zimeandikwa kwenye kalenda iliyobandikwa mlangoni pa friji. Kwa mtu aliyetoka Kileleshwa, ambako taka zote hukaa katika mfuko mmoja mpaka vijana wa lori wapite, hilo ni somo la kusomea. Asubuhi moja binti yuko kazini, shosho akatoa pipa ambalo siku yake haikuwa imefika. Mama wa nyumba ya pili, mzee wa makamo yake, ambaye kwa wiki kadhaa alikuwa hajamtazama usoni wala kumsalimu, alitoka na gauni la kulalia na malapa, akavuka kijibustani, akalikamata lile pipa kama mtu aliyemfumania mwizi wa kuku, akalirudisha. Kisha akabisha hodi kueleza. Maelezo yalichukua nusu saa. Alichora mapipa kwenye karatasi. Alipomaliza, shosho alimpa mandazi, na tangu siku hiyo wale wawili walikunywa chai pamoja kila Jumatano, siku ya mapipa.

Shosho hawezi kusimulia kisa hiki akiwa ameketi. Lazima ainuke akuonyeshe mwendo wa malapa. Nami nikikisikia naona kimeeleza jambo ambalo vitabu vya watalii hulitaja kwa sentensi moja kavu, kwamba Waingereza ni watu wasiojichanganya upesi. Shosho amekwenda mbele zaidi: ameona kwamba Mwingereza anataka sana kuzungumza nawe, ila anangoja sababu halali. Mvua ni sababu. Mbwa ni sababu. Pipa lililokosea siku ni sababu kubwa kuliko zote. Huo ni utafiti wa mtu aliyeishi mtaani na kufua nguo za mtoto mtaani, na hautaupata ukipita ndani ya basi la ghorofa ukitazama majumba kwa juu.

Kuna pia habari ya jua. Sisi tunaoishi karibu na ikweta tumezoea jua lenye msimamo. Nairobi, mwaka mzima, machweo ni saa kumi na mbili na dakika kadhaa. Leeds mwezi wa sita jua linatua baada ya saa tatu na nusu usiku, na kabla ya saa kumi na moja alfajiri limekwisha kuchomoza tena. Shosho maisha yake yote amesonga ugali giza likiingia. Sasa giza halikuingia. Alingoja. Mkwewe naye, kijana wa Murang'a aliyelelewa vizuri, alingoja vilevile, maana mkwe hamwambii mama mkwe kwamba ana njaa. Walikaa sebuleni, jua likiwaka dirishani, kila mmoja akimwangalia mwenzake kwa heshima, mpaka binti akaingia kutoka zamu saa nne usiku akauliza kwa nini watu hawajala. Akina shosho waliokwenda Desemba husimulia kinyume chake: kabla ya saa kumi jioni jua limetua, na wao wanataka kuwalaza wajukuu ambao ndio kwanza wametoka shule.

Halafu chai. Hapa mkulima wa Othaya alikuwa na neno. Jikoni kwa bintiye alikuta pakiti iliyoandikwa Yorkshire Tea, na Leeds iko Yorkshire, kwa hiyo akaomba apelekwe akaone mashamba. Mashamba hayapo. Majani hutoka Assam, Rwanda na Kenya, na kampuni yenyewe iko Harrogate, mji ulio karibu na Leeds. Kenya ndiyo inayouza nje chai nyeusi nyingi kuliko nchi yoyote duniani, na Uingereza imekuwa miongoni mwa wanunuzi wake wakubwa kwa miaka mingi. Shosho alikuwa amechuma chai hiyo kwa mikono yake, akaipeleka kituoni na kuipima, na hakuwahi kuona mwisho wa safari yake mpaka siku hiyo. Na mwisho wenyewe ulimhuzunisha: maji ya moto juu ya kifuko, kisha tone la maziwa baridi. Alichukua sufuria, akachemsha maziwa, maji, majani na sukari kwa pamoja mpaka ikafura, akampelekea yule mama wa mapipa. Mama wa mapipa alisema ni tamu ila si chai. Shosho akamjibu kwamba aliyeipanda ndiye anayejua. Mjadala huo, niliambiwa, haukuwa umekwisha hata siku ya kuelekea uwanja wa ndege.

Siku nyingine alipelekwa soko la Kirkgate, katikati ya mji. Kila mgeni anayekwenda Leeds angepaswa kupelekwa huko kabla ya kuonyeshwa jengo lolote. Mwaka 1884 Michael Marks, Myahudi aliyekimbia kutoka Slonim, katika Belarusi ya leo, alipanga bidhaa zake sokoni hapo, na kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa cha kubabaisha, akaweka bango la kuwaambia wateja wasiulize bei, kila kitu ni peni moja. Kibanda hicho ndicho kilichozaa Marks & Spencer. Shosho, aliyekulia kwenye masoko ya Nyeri na kuzoea wauzaji wa soko la Gikomba wanaoimba bei moja kwa kila nguo, aliuelewa ujanja wa Marks mara moja: usipojua lugha ya mnunuzi, ondoa maneno kwenye biashara. Yeye mwenyewe alijaribu kupunguziwa bei ya karoti. Muuzaji, kijana wa miaka thelathini hivi, alimwita mpenzi, kama wanavyomwita kila mteja kule. Shosho aliondoka na karoti kwa bei ileile, na jambo la kumweleza mumewe, guka, kwa simu.

Sasa, kuna mtu aliyewahi kuwachekesha Waingereza kwa kuandika habari kama hizi, naye hakuwa Mwingereza. Bill Bryson alizaliwa Iowa, Marekani, mwaka 1951, akaishi Uingereza miaka mingi, na alipokaribia kurudi kwao akaizunguka nchi kwa treni, mabasi na miguu. Kitabu alichokitoa mwaka 1995, Notes from a Small Island, kilipendwa mno hata mwaka 2003, katika kura ya Siku ya Vitabu Duniani, wasomaji wakakichagua kuwa ndicho kinachoieleza Uingereza vizuri zaidi. Mgeni kutoka Iowa aliwaeleza Waingereza jinsi walivyo, nao wakacheka na kumshukuru. Mwaka 2002 Bryson alikuja huku kwetu pia, akatembelea Kibera, na kuandika kijitabu African Diary kulisaidia shirika la CARE. Ukiingia kwenye maduka ya vitabu ya Nairobi, Bryson unaweza kumpata. Lakini Mkenya wa kumjibu kwa Kiswahili yuko wapi?

Tusidhani hatuna pa kuanzia. Mwaka 1875 Sultani Barghash wa Zanzibar alikwenda Uingereza, na safari yake ikaandikwa kwa Kiarabu. Mwaka 1902 Katikiro, yaani waziri mkuu, wa Buganda, Apolo Kagwa, alialikwa kutawazwa kwa Mfalme Edward VII, akiandamana na katibu wake, Ham Mukasa. Siku mbili kabla ya sherehe, tarehe 24 Juni, mfalme akapasuliwa tumbo kwa ugonjwa wa kidole tumbo, na sherehe ikasogezwa hadi tarehe 9 Agosti. Kuahirishwa huko kulikuwa neema kwa fasihi ya Afrika Mashariki, kwa sababu wageni walipata wiki nyingi za kutembea na Mukasa akaandika. Alimwandikia msomaji wa Mengo, akipima vitu vya London kwa vipimo vya Buganda ili aliyebaki nyumbani aone. Ernest Millar aliitafsiri kazi hiyo kwa Kiingereza ikatoka mwaka 1904, na mwaka 1975 Taban lo Liyong akaitoa upya kwa jina Sir Apolo Kagwa Discovers Britain. Taban alijua alichokifanya alipochagua jina hilo.

Kazi ya Kiswahili pia ipo, na inaniuma kwamba wengi wetu hatuijui. Mwaka 1931 Bunge la Uingereza liliita mashahidi kutoka Afrika Mashariki kuhusu mpango wa kuunganisha nchi zetu chini ya utawala mmoja. Kenya ilimpeleka Chifu Koinange wa Mbiyu na wenzake. Miongoni mwa waliotoka Tanganyika alikuwamo Martin Kayamba, karani mkuu wa Tanga, mzaliwa wa Zanzibar. Mwaka uliofuata Sheldon Press ya London ilichapisha kitabu chake, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Mwafrika anaitembelea Uingereza na kuieleza kwa Kiswahili, mwaka 1932! Zaidi ya miaka tisini imepita. Kitabu hicho kilistahili kuwa babu wa vitabu vingine ishirini, na mtoto wa shule hapa Kileleshwa hajawahi kusikia jina lake.

Mtoto huyo anafundishwa nini kuhusu kuandika safari? Kwa miaka mingi, hadi mtihani wa mwisho wa KCPE mwaka 2023, insha ya safari ilikuwa na njia moja. Majogoo yanawika, mwandishi anarauka alfajiri, anavaa nguo za kumtoa nyoka pangoni, anastaftahi kwa chai na vitu vingi, na gari linapong'oa nanga ukurasa umejaa. Hafiki popote. Nimesoma insha za namna hiyo za watoto werevu sana, ambao ukiwauliza kwa mdomo walichokiona Mombasa watakusimulia mpaka ulie machozi. Kalamu zao zimefundishwa woga. Tumewapa methali za kupamba, hatukuwaambia watazame. Shosho hakupitia mafunzo hayo ya insha, na labda ndiyo sababu macho yake bado yanafanya kazi.

Wako watakaoniambia kwamba Uingereza si nchi ya kuichekea. Wazungu waliokuja kwetu waliandika vitabu vingi vya kutucheka. Richard Burton, katika majuzuu yake mawili ya mwaka 1872 kuhusu Zanzibar, aliwadharau watu waliomkaribisha na kumlisha. Je, nasi tulipe kwa sarafu hiyo? Hapana, na shosho halipi hivyo. Burton aliwacheka watu asiotaka kuwajua. Shosho humcheka mtu ambaye amekwisha kumpa mandazi.

Na swali lina upande mzito zaidi. Jirani yangu alizaliwa mwaka 1946. Mwaka 1954, akiwa na miaka minane, askari wa mkoloni waliwatoa kwao na kuwapeleka kijiji cha Hali ya Hatari, chenye handaki na uzio, kama walivyofanyiwa watu zaidi ya milioni moja wa Mkoa wa Kati. Aliona mama yake akichimba handaki lile. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau jumla ya pauni milioni 19.9, na Mfalme Charles alipozuru Kenya mwaka 2023 alikiri maovu yaliyotendwa bila kuomba msamaha rasmi. Mwanamke huyu ndiye aliyelipia ada ya viza, ambayo Aprili 2025 ilipanda hadi pauni 127 na hairudishwi ukinyimwa. Ndiye aliyewekwa alama za vidole kabla ya kwenda kumwona mjukuu.

Anayo haki ya kuicheka nchi ile kuliko Bryson, na kicheko chake kina kina ambacho Bryson hawezi kukifikia. Siku moja walimpeleka kwenye jumba la makumbusho lililojaa silaha za karne nyingi. Alipita taratibu, akatazama mizinga, akatazama mavazi ya chuma ya wapanda farasi, halafu akamwendea kijana wa zamu, mpole, mwenye tabasamu, akamuuliza zile bunduki za Mau Mau zilizotengenezwa msituni kwa mabomba ya maji na makomeo ya milango ziko chumba gani. Kijana hakujua anaulizwa nini. Shosho akamketisha kwenye benchi la wageni akamweleza, na kijana akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaandika jina la Nyeri kwenye kijitabu chake. Kisa hicho kikisimuliwa, sebule huanza kwa kucheka, kwa sababu shosho humwigiza kijana akitafuta chumba hicho kwenye ramani. Kinapomalizika hakuna anayecheka. Mwandishi anayeweza kumbeba msomaji kutoka mahali pale hadi hapa ndani ya ukurasa mmoja ameiweza kazi.

Kuna mahali pengine ambapo shosho mwenyewe huacha kucheka. Alitaka kwenda Edinburgh, saa tatu kwa treni kutoka Leeds, kwa sababu Woman's Guild yake ina asili ya chama kilichoanzishwa na Kanisa la Scotland mwaka 1887, na ni wamishenari kutoka Scotland waliofika Thogoto, huku Kenya, mwaka 1898. Aliingia kanisani amevaa sare yake yote. Alikuta wazee wachache, viti vingi, na habari kwamba jengo la jirani lililokuwa kanisa sasa ni nyumba za kupanga. Walimkaribisha kwa furaha kubwa mno. Baada ya ibada akagundua kwamba hakuna kijana wa kupanga viti kwa ajili ya chai, basi akapanga yeye, mgeni, mwenye miaka karibu themanini. Anasema alipokuwa akivibeba aliwaza kwamba Thogoto ingewatumia watu.

Wachapishaji wetu wanaishi kwa vitabu vya shule, nami naelewa. Huko ndiko pesa ziliko na kodi ya ofisi hailipwi kwa ndoto. Lakini kitabu kimoja cha safari kwa mwaka hakitafilisi kampuni. Waanze na Kayamba, wamtoe upya akiwa na dibaji na ramani, mwalimu ampe mwanafunzi wa sekondari amsome. Magazeti ya Kiswahili yatenge ukurasa wa Jumamosi kwa wasafiri, na mhariri asikikatae Kiswahili cha Nairobi wala cha Tanga wala cha Lubumbashi. Nanyi wajukuu wenye simu, shosho anapoanza kuinuka kuonyesha mwendo wa malapa, mrekodini, kisha mkae chini myaandike maneno yake kama alivyoyasema, bila kumtia methali ambazo hakuzitamka.

Jirani yangu ameanza kupanga safari ya pili. Binti anatarajia tena. Safari hii anataka kupitia London, nyumba namba 95 ya Cambridge Street, Pimlico, yenye kibao kinachosema kwamba Jomo Kenyatta aliishi humo kuanzia 1933 hadi 1937. Baada ya hapo aende Storrington, kijiji cha Sussex ambako Kenyatta alifanya kazi shambani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na wanakijiji wakamwita Jumbo. Nilimwuliza anakwenda kutafuta nini huko.

"Mwanangu," akanijibu, "yule mzee alikaa kwa watu miaka mingi. Nitabisha hodi kwa majirani niwaulize kama aliondoka bila kulipa kodi ya nyumba, tujue kama tunadaiwa."